Kuchagua Bomba la Kupulizia Dawa Mimea ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wateja wanaofika kitaluni kwetu Dar es Salaam wakiwa na jani lililougua mkononi, wengi wao wakiwa wamekwisha kununua bomba lisilowafaa. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo kosa hugharimu mmea, na kwa ufupi pale ambapo jambo liko wazi.

Je, ni lazima ninunue bomba, au kitambaa chenye maji kinatosha?

Kama una mmea mmoja au miwili yenye majani mapana, kwa mfano monstera au mpira, kitambaa laini kilicholowekwa katika maji ya sabuni hufanya kazi nzuri kuliko bomba lolote, kwa sababu huondoa wadudu, mayai yao na vumbi kwa pamoja. Bomba huhitajika majani yanapokuwa mengi na madogo, mmea unapokuwa umesongamana kiasi kwamba vidole haviingii, au mimea inapozidi mitano. Hata hivyo, mmea unaobebeka upeleke kwanza bafuni ukauoshe kwa shawa, huku udongo wa chungu ukiwa umefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Maji pekee yataangusha vidukari na utitiri wengi, na dawa utakayohitaji baadaye itakuwa kidogo.

Kwa nini mnasisitiza sana upande wa chini wa jani?

Kwa sababu huko ndiko wadudu waliko. Utitiri wa mimea, ambao wakulima wengi wa nyanya huwaita buibui wekundu, hufyonza utomvu na kutaga mayai upande wa chini. Inzi weupe hufanya vivyo hivyo, na vidukari hupenda chini ya majani machanga na kwenye ncha za matawi. Mtu anayepulizia kutoka juu huona jani likimeremeta kwa maji, akaamini kazi imekwisha, ilhali chini yake wadudu ni wakavu kabisa kama watu waliojikinga mvua chini ya mwembe.

Jambo hili lina uzito zaidi ndani ya nyumba, kwa kuwa dawa zinazofaa humo, hasa sabuni, mafuta ya mwarobaini na pareto, hutegemea sana kumgusa mdudu mwenyewe. Sabuni ikishakauka juu ya jani haina nguvu tena. Mdudu asiyelowa siku hiyo ataendelea kuishi na kuzaa.

Kama una shaka, fanya uchunguzi huu kabla ya kununua chochote. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya tawi, uligonge jani mara mbili au tatu kwa kidole, kisha usiiguse karatasi kwa nusu dakika. Vumbi litatulia mahali lilipoangukia, lakini utitiri utaanza kutembea: vidoa vyenye urefu wa nusu milimita hivi, ambavyo usingeviona kama visingesogea. Kisha ligeuze jani na kulielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vitone vya manjano vilivyotapakaa mahali utomvu ulipofyonzwa, na kama shambulio limekomaa, utando mwembamba mno kwenye pembe ambayo kikonyo hukutana na jani. Hapo ndipo dawa inapotakiwa kufika, na bomba lisiloweza kufika hapo si la kununua, hata likiwa zuri namna gani machoni.

Nikiwa dukani, nitajuaje kwamba bomba linafaa?

Mwombe muuzaji maji safi kidogo ulijaribu, na ukikataliwa, tafuta duka lingine. Jaribio la kwanza ni la kupulizia kuelekea juu. Jaza chupa nusu, ipulizie ikiwa wima, kisha iinamishe hadi karibu kichwa chini. Katika chupa nyingi za kubonyeza, mrija wa ndani hubaki ukivuta hewa badala ya maji, na chupa hukohoa mara mbili tatu ikanyamaza. Zipo chupa ambazo mrija wake ni laini na mwisho wake una kizito kidogo, hivyo mrija huyafuata maji popote yanapoelekea, chagua hizo. Kwa bomba la presha, yaani lile linalopampwa kwa mkono kabla ya kupulizia, tazama kama nozeli yake, yaani mdomo wa kutolea dawa, inaweza kugeuzwa itazame dari wakati bomba lenyewe limesimama wima. Fimbo fupi iliyopinda mwishoni ni bora zaidi, kwa kuwa huingia katikati ya matawi bila mkono wako kuyavunja.

Jaribio la pili hufanywa kwa kipande cha boksi kikavu. Simama umbali wa sentimita 30 hivi, pulizia mara moja, ukitazame kipande hicho kwa makini. Bomba jema huacha duara la vitone vidogo vinavyokaribiana, vyenye ukubwa unaolingana. Bomba baya huacha dimbwi katikati na matone makubwa pembeni, na ndivyo litakavyofanya kwenye jani: sehemu moja itachuruzika dawa hadi sakafuni, na nyingine itabaki kavu.

Mwisho, bonyeza mara 30 mfululizo, usikilize kidole chako kinavyosema. Watu wengi huacha kazi nusu kwa sababu mkono umechoka, wala si kwa uvivu. Bomba la presha nalo lipampe, uliweke chini dakika 5, kisha uone kama limevuja kwenye kifuniko au kwenye nozeli.

Nichukue la ukubwa gani?

Fanya hesabu ndogo. Mmea wa kimo cha kati, ukipuliziwa juu na chini hadi majani yalowe vizuri, huweza kutumia mililita 50 za mchanganyiko. Mimea 10 itatumia mililita 500. Chupa ya kubonyeza hutoa takriban mililita 1 kwa kila bonyezo, kwa hiyo kazi hiyo ni mabonyezo 500, na utairudia wiki ijayo na wiki itakayofuata.

Kwa sababu hiyo, mwenye mimea isiyozidi mitano namshauri achukue chupa ya kubonyeza ya mililita 500 hadi lita 1, na mwenye mimea zaidi ya hiyo achukue bomba la presha la lita 1.5 au 2. Hilo ndilo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi. Hupampwa mara kadhaa, kisha hutoa dawa mfululizo kwa kugusa kitufe, na mkono wa pili unabaki huru kuligeuza jani, jambo ambalo kwa maoni yangu linazidi faida nyingine zote. Usilijaze hadi shingoni. Acha robo hivi ya nafasi, kwa kuwa hewa iliyobanwa humo ndiyo inayoisukuma dawa. Hakikisha pia lina kifaa cha kutolea presha, kwani kufungua kifuniko huku presha imo ni kujirushia dawa usoni.

Mabomba ya betri ni mazuri kwa mwenye mimea mingi au mwenye maumivu ya vidole na viganja. Kwa mwenye vyungu vitatu dirishani ni gharama isiyo na sababu.

Nozeli itoe ukungu mwembamba au matone makubwa?

Katikati ya hayo mawili. Wengi hudhani ukungu ukiwa mwembamba zaidi ndivyo dawa inavyofanya kazi zaidi, lakini matone yaliyo chini ya mikromita 100, ambayo ni karibu na unene wa unywele, hayatui haraka. Huelea chumbani, huingia puani na kwenye vyombo vya chakula, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye mmea. Kwa hiyo mashine za kufukizia ukungu, zinazotumika kwenye maghala na mabanda ya kilimo, zisiingizwe sebuleni. Matone makubwa sana nayo hugonga jani na kudondoka.

Nunua nozeli ya shaba au ya plastiki ngumu inayorekebishwa kwa kuzungushwa. Ukiifunga kidogo hutoa koni ya matone madogo kwa kazi ya kawaida, na ukiifungua zaidi hutoa mchirizi ulionyooka, ambao una kazi yake maalumu: kuwang'oa vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe kama pamba, kutoka kwenye makwapa ya majani. Nta iliyo juu ya miili yao hufukuza maji, na koni laini huwapita tu bila kuwalowesha.

Shambani tuna bomba la mgongoni la lita 16. Je, siwezi kulitumia nyumbani?

Nakusihi usilitumie. Uzito wake pekee, kilo 16 za maji mbali na bomba lenyewe, unatosha kulikataa ndani ya nyumba, na nozeli zake zimetengenezwa kufunika matuta, wala si chungu kimoja kilicho kando ya kochi. Lakini sababu kubwa ni mabaki. Mwaka wa kwanza wa kitalu chetu nilipoteza rafu nzima ya miche ya krotoni kwa sababu bomba nililoazima lilikuwa limetumika kuulia magugu ya majani mapana, na mimi nililisuuza mara moja tu. Baada ya siku chache majani machanga yalijikunja kama vijiko, na ncha za mashina zikajisokota. Sumu ya magugu hujificha kwenye washa, yaani vile vipete vya mpira vinavyozuia bomba lisivuje, kwenye mpira wa kupitishia dawa na kwenye kichujio, na kiasi kidogo sana hutosha kuuharibu mmea. Tangu siku hiyo bomba la magugu na bomba la wadudu hayakai hata rafu moja kwetu.

Na chupa tupu ya sabuni ya kusafishia vioo?

Chupa iliyowahi kuwa na klorini, dawa ya choo au kemikali yoyote kali isitumike. Ile ya sabuni ya vioo inaweza kutumika kwa maji matupu baada ya kusuuzwa vizuri, ingawa kichwa chake mara nyingi hutoa matone mabaya na mrija wake haufanyi kazi ukiinamishwa. Chupa ya kinywaji isiwekwe dawa kamwe, hata kwa saa moja, kwa sababu mtoto huijua kwa umbo lake. Chupa utakayotumia iandike kwa kalamu isiyofutika: jina la dawa, kipimo na tarehe.

Niweke dawa gani ndani ya bomba?

Anza na ile isiyo na madhara makubwa. Sabuni ya potasiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea huchanganywa mililita 10 hadi 20 kwa lita 1 ya maji, isipokuwa lebo ikisema vinginevyo. Sabuni nyingi za kuoshea vyombo ni mchanganyiko wa kemikali za kukata mafuta, nazo huweza kuunguza majani. Kama huna nyingine, usizidishe mililita 5 kwa lita. Mafuta ya mwarobaini huchanganywa mililita 5 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, pamoja na mililita 1 au 2 za sabuni, kwa kuwa mafuta na maji havishikani vyenyewe. Mchanganyiko huo utumike siku hiyohiyo, na bomba litikiswe mara kwa mara wakati wa kupulizia, la sivyo utapulizia maji mwanzoni na mafuta mwishoni.

Pareto, zao linalolimwa Kenya na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huwaangusha wadudu haraka na huvunjika upesi kwenye mwanga wa jua. Usilichukulie kuwa salama kwa kila kiumbe kwa sababu limetokana na ua: ni sumu kwa samaki na nyuki. Permetrini, ambayo imetengenezwa kiwandani kwa kuiga kemikali za pareto, ni hatari sana kwa paka. Dawa yoyote ya dukani iwe na lebo inayosomeka na namba ya usajili. Nchini Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA, na nchini Kenya ni bodi inayojulikana kwa kifupi PCPB. Dawa iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na maandishi usiinunue.

Kabla ya kupulizia mmea mzima, pulizia jani moja na usubiri siku mbili.

Dawa ya mbu ya kopo inaua wadudu. Kwa nini isitumike kwenye mimea?

Gesi inayoisukuma dawa hiyo hutoka ikiwa baridi kali, na viyeyusho vilivyomo huunguza majani. Tumeletewa mimea yenye madoa ya kahawia yaliyokauka katika umbo lilelile la mpulizo. Makopo yaliyoandikwa wazi kuwa ni ya mimea ya ndani ni jambo tofauti, mradi umbali ulioelekezwa ufuatwe.

Bomba langu jipya limeziba baada ya wiki mbili. Tatizo ni nini?

Kwa wakazi wa pwani, swali langu la kwanza huwa ni maji. Maji ya visima vingi yana kalisi na magnesi kwa wingi, na sabuni ikikutana na madini hayo huganda na kuwa utando mweupe, uleule unaobaki kwenye ndoo ya kuogea. Utando huo huziba nozeli, na zaidi ya hapo sabuni iliyoganda haiui tena mdudu yeyote, hivyo mtu hulaumu dawa kumbe ni maji. Jaribu kwenye chupa angavu: changanya sabuni na maji yako, tikisa, uache dakika 15. Ukiona mabonge yanaelea au maji yamekuwa kama maziwa yaliyokatika, tumia maji ya mvua.

Nozeli iliyoziba ifungue, uiloweke kwa saa moja katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha uisugue kwa mswaki wa zamani. Usiipulize kwa mdomo, na usiitoboe kwa pini, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo matone hayatakuwa yaleyale tena.

Je, ipo mimea isiyotakiwa kupuliziwa kabisa?

Ipo, na wa kwanza ni wa kwetu. Ua la Usambara, linalokuzwa madirishani Ulaya na Marekani, lilielezwa kisayansi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, kutokana na mimea iliyokusanywa na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Usambara. Majani yake yana manyoya laini yanayoshika maji, na maji yaliyo baridi kuliko jani huacha madoa yasiyofutika. Mmea huo uhudumie kwa brashi ndogo. Ukilazimika kupulizia, maji yawe ya uvuguvugu na mmea ukae kivulini hadi ukauke.

Zamioculcas, ambao nao asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, una tatizo lililo kinyume. Majani yake yana nta, na maji huviringika na kudondoka kama kwenye jani la yungiyungi. Huo hauwezi kulowa bila sabuni kidogo kwenye mchanganyiko. Mishubiri na mimea mingine ya majani manene yenye unga wa kijivu isipuliziwe sabuni wala mafuta, kwa sababu unga huo ni kinga yake na haurudi kwenye jani lililokwisha kuupoteza. Jamii ya kangaga huungua upesi.

Ni wadudu gani ambao bomba halitawaondoa?

Wadudu magamba waliokomaa hujifunika ganda gumu, na dawa hupita juu yake. Wakwangue kwa ukucha au kwa pamba yenye spiriti, kisha bomba litumike kwa vifaranga vyao vinavyotembea. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukimwagilia maji vinatoka kwenye udongo uliolowa mno, kwa hiyo acha tabaka la juu la udongo likauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Nipulizie wapi, saa ngapi, na mara ngapi?

Barazani au kwenye roshani penye hewa, asubuhi mapema au jioni, pasipo jua la moja kwa moja. Joto likizidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida mchana wa Januari na Februari huku pwani, sabuni na mafuta huunguza. Kama mmea hausogezeki, fungua madirisha, watoe watoto na wanyama, funika tangi la samaki na uzime pampu yake ya hewa, maana hiyo huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini. Vaa glavu na barakoa, hata kwa mwarobaini.

Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, angalau mara tatu. Kwenye joto la nyuzi 30, utitiri hutoka kwenye yai hadi kuwa mzazi kwa muda wa takriban siku 8, na sabuni haiyauwi mayai ipasavyo. Anayepulizia mara moja akaacha huwa ameua kizazi kimoja tu.

Nilitunzeje bomba lidumu?

Toa presha, mimina mabaki, suuza mara tatu kwa maji safi, na kila mara pulizia maji hayo kupitia nozeli ili mrija nao usafike. Maji ya kusuuzia yamwage kwenye udongo usio na mboga, mbali na mtaro. Kisha liache bomba wazi likauke kichwa chini.

Bomba likipoteza nguvu, mara nyingi kilichochoka ni washa. Mafuta huivimbisha mipira ya aina ya EPDM, ilhali ile ya Viton huyavumilia, kwa hiyo anayetumia mwarobaini kila mwezi aulizie aina ya mpira kabla ya kulipa. Uliza pia kama washa za akiba zinauzwa dukani hapo. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye washa ya pampu kila baada ya miezi michache, na ikianza kupasuka ibadilishe kabla ya kuchanganya dawa nyingine.